SOMO LA ROBO HII: VETIVA, JANI LA KUDUMU LINALOSHIKA UDONGO WA MIKESE



Somo la robo hii linahusu jani. Najua wapo watakaoguna. Mkulima wa Mikese hutumia sehemu kubwa ya masika akipambana na majani kwa jembe, na leo tunamwambia apande mengine, tena ya kudumu. Naomba mvumilie kidogo. Jani tunalolizungumzia si gugu, na shida iliyotufikisha kwake inafahamika katika vigango vingi, hata kama haijaandikwa kwenye muhtasari wa kikao chochote.

Shida ilianzia kwenye bati

Kanisa la kigango kimoja huku Mikese limejengwa mahali pa kupendeza, juu ya mteremko. Ukisimama mlangoni unaona magari ya barabara kuu ya Dar es Salaam, na ukigeuka unaona milima ya Uluguru. Waumini walipopata msaada wa mabati waliezeka wakashangilia, na kweli ilikuwa siku ya kushangilia. Masika tatu baadaye, msingi wa upande wa chini ulikuwa nje. Mtoto angeweza kuingiza mguu chini ya zege.

Tulikaa tukapiga hesabu. Paa lenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 10 lina eneo la mita za mraba 200. Mvua ya milimita 50, ambayo si ajabu kunyesha kwa siku moja wakati wa masika, inamwaga juu ya paa hilo lita 10,000 za maji. Hayo ni mapipa 50 makubwa. Paa la nyasi lingeyapokea polepole na kuyadondosha polepole. Bati huyatupa yote mara moja, mahali palepale, kwenye mstari uleule kila mwaka.

Tena uwanja wetu hufagiwa kila Jumamosi mpaka unang'aa. Sina nia ya kuwalaumu akina mama wa zamu, maana uwanja msafi ni heshima, na hufukuza nyoka. Lakini ardhi iliyofagiwa haina kitu cha kuyazuia maji. Yalitoka ukutani, yakavuka uwanja, yakaporomoka kwenye shamba la jirani yetu aliye chini, mzee Mwislamu ambaye alikuwa akilima pale kabla sisi hatujaweka jiwe la kwanza. Mwaka ule maji yalibeba mistari minane ya mahindi yake na kuacha korongo lililofika magotini. Alikuja mwenyewe baada ya ibada, akasubiri watu watoke, akamwambia mwenyekiti kwa upole: "Bwana mwenyekiti, mvua ni ya Mungu. Lakini haya maji yaliyokuja kwangu ni ya kwenu."

Kamati ilikuwa na mawazo mawili. La kwanza lilikuwa ukuta wa mawe na saruji. Fundi alileta makadirio, mtunza hazina akayakunja na kuyaweka mfukoni. La pili lilikuwa kupanda mkonge, kwa kuwa ndiyo mila ya hapa kwenye mipaka. Mkonge ni mpaka mzuri, lakini shina na shina huacha nafasi, na maji hupita humo yakiwa na nguvu zaidi. Ndipo bwana shamba mmoja akatutajia vetiva.

Ni jani gani hili

Kitaalamu huitwa Chrysopogon zizanioides. Vitabu vya zamani viliandika Vetiveria zizanioides. Asili yake ni India. Ni la jamii moja na mchaichai, na kwa mbali utadhani ni mchaichai uliopitiliza kimo. Mama mmoja wa kwaya alichuma akachemsha chai. Haikunukia kitu, tukacheka wote. Harufu ya vetiva iko kwenye mizizi, siyo kwenye majani, na hiyo ndiyo njia rahisi ya kuyatofautisha: pekecha jani vidoleni, likinukia ndimu ni mchaichai.

Vetiva husimama wima kwa kimo cha mita moja na nusu hadi mbili. Ikitoa maua, huwa mashuke membamba ya rangi ya zambarau iliyofifia, yanayopendeza jua la jioni linapoyapiga. Kwa hiyo hata anayetaka pambo tu la uwanja wa kanisa au zahanati hatajuta. Kazi kubwa lakini iko chini. Mizizi yake haitambai pembeni kuiba chakula cha mahindi kama ilivyo kwa mabingobingo. Hushuka moja kwa moja, na penye udongo mzuri hufika mita tatu au nne. Juu ya ardhi, mashina yakisongamana, hufanya ukuta ambao maji hupenya taratibu huku yakiacha udongo nyuma.

Jambo jingine la muhimu ni kwamba aina inayopandwa sana duniani, ile ya kusini mwa India, haitoi mbegu zinazoota wala haina mizizi ya kutambaa. Itakaa pale ulipoipanda. Nalisisitiza hili kwa sababu siku hizi watu huleta majani ya mapambo kutoka mijini bila kuuliza. Yapo majani mazuri ya asili ya Afrika Kaskazini, Cenchrus setaceus, yenye mashuke laini kama mkia wa paka, ambayo yalipelekwa Hawaii na Afrika Kusini kama pambo la bustani. Mbegu zake zikapeperuka, yakaenea ovyo, na yakawa kuni za moto wa nyika. Ukipewa jani la pambo na hujui jinsi linavyozaa, uliza kwanza.

Walioifanya vetiva ijulikane kama kinga ya udongo ni watu wa mashamba ya miwa. John Greenfield aliitumia Fiji katika miaka ya 1950, na katika miaka ya 1980, akiwa na Richard Grimshaw katika kazi za Benki ya Dunia nchini India, waliieneza upya kama njia ya mkulima mdogo. Mwaka 1993 Baraza la Utafiti la Taifa la Marekani lilitoa kitabu kizima juu yake. Jirani zetu wa Ethiopia pia waliipokea, hasa Illubabor, ambako shirika la Menschen für Menschen lilifanya kazi na wakulima. Huko majani yake hutandazwa hata sakafuni wakati wa kunywa kahawa.

Kabla ya kupanda, tukumbuke Matombo

Hapa naomba nikawie kidogo, maana jambo hili lina historia chungu kwetu, na mfadhili anayetaka kusaidia hifadhi ya udongo katika Uluguru bila kuijua anaweza kurudia kosa la wengine.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikoloni iliona kwamba milima inachunwa na mito inajaa matope. Ikaanzisha mpango wa matumizi ya ardhi Uluguru, uliojulikana kwa kifupi chake cha ULUS. Wakulima waliamriwa kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko yao. Kazi ilikuwa nzito na ya lazima, na asiyechimba alishtakiwa. Baya zaidi, udongo wenye rutuba wa milima hii ni tabaka jembamba. Ukichimba ngazi unaufukia ule mweusi na kuleta juu ule mwekundu usio na nguvu. Watu walitoa jasho, kisha wakavuna kidogo kuliko mwanzo. Mwaka 1955 hasira ililipuka Matombo, polisi wakafyatua risasi, na mtu akapoteza maisha. Mpango ukaachwa. Tangu siku hizo, neno "matuta" likitajwa kwa sauti ya amri, wazee wa milimani hukaa kimya, na ukimya ule si wa kukubali.

Mikese yenyewe iko chini ya milima hiyo, lakini haiko mbali nayo. Mwaka 1871 Stanley alipita hapa na msafara wake akimtafuta Livingstone. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907. Katika vita vya 1914 hadi 1918 Waingereza waliifanya Mikese kituo cha kushushia mizigo ya jeshi, wakapasua barabara kwenda Ruvu na Rufiji. Tumeona watu wengi wakija kuamrisha ardhi hii.

Sasa, mstari wa vetiva unafanya kazi ileile ya ngazi kwa njia tofauti kabisa. Hakuna kuchimba mlima. Unapanda mstari mmoja mwembamba unaofuata usawa wa ardhi. Mvua inaposhuka, tope hukwama nyuma ya jani. Mwaka wa kwanza unaona vidole viwili vya udongo, mwaka wa pili kiganja. Jani nalo hupanda pamoja na udongo, kwa kuwa huchipua kwenye vifundo vinavyofukiwa. Baada ya miaka kadhaa ngazi imejijenga yenyewe, na udongo mweusi uko juu pale unapotakiwa.

Katika Kata ya Kibungo Juu, kuanzia mwaka 2006, CARE na WWF walijaribu njia nyingine tena: wakulima walioshika udongo kwa makinga maji, miti na mistari ya majani walilipwa, na fedha zikachangwa na watumiaji wa maji walioko Dar es Salaam, likiwemo shirika la maji la jiji. Hoja ilikuwa nyepesi kueleweka. Maji ya Ruvu yanatoka huku, na Dar es Salaam inayanywa. Nadhani ni haki anayekunywa amkumbuke anayetunza. Hata hivyo, kigango hakina wa kukilipa, na mzee wetu wa chini hakutaka malipo. Alitaka maji yasimfikie kwa fujo.

Tulivyokosea mara ya kwanza

Tuliagiza mashina, yakachelewa, yakafika wiki ya mwisho ya Mei. Badala ya kuyaweka kwenye kitalu karibu na kisima, tulipanda siku ileile, kwa sababu mgeni wa mfadhili alikuwa anakuja na tulitaka aone kazi. Alipiga picha. Waumini walikuwa wengi, jumuiya zote zilileta watu, na mstari ulipendeza. Mvua ilikuwa imebaki mbili. Kufikia Agosti mashina mengi yalikuwa makavu kama fagio. Yaliyosalia yaliliwa na mbuzi, kwa kuwa vetiva changa ni tamu kwa mifugo, na sehemu moja mchwa walimalizia.

Ripoti ilikuwa imeshaandikwa: "Mashina yamepandwa, mita 120 zimekamilika." Kila neno lilikuwa la kweli siku lilipoandikwa. Masika iliyofuata maji yalishuka tena kwa mzee, na safari hii hakuja kuongea. Aliweka magogo kwenye mpaka, maji yakageuka yakala njia ya kwenda shule. Mwenyekiti wetu ndiye aliyekwenda kwake jioni kuomba radhi, akakaa kwenye mkeka, na kule ndiko kazi ya pili ilikoanzia. Kitalu cha sasa kiko kwenye shamba la mzee yule, karibu na kisima chake, na vijana wa kanisani na wa msikitini hupokezana kumwagilia.

Hatua za kupanda

Kitalu kwanza. Hata kama kuna fedha za kununua mashina yote, anzeni na kitalu, kwa kuwa mtahitaji ya kujazia mapengo. Chagueni mahali penye jua na maji. Vetiva haipendi kivuli. Chini ya mwembe itadhoofika, hivyo msijisumbue. Pandeni mwanzo wa vuli, Novemba, kwa nafasi ya sentimita 30, tieni samadi iliyooza, mwagilieni vuli ikikata. Vuli ya Mikese haina ahadi, mnaijua. Shina lililotunzwa vizuri kwa mwaka mmoja hutoa vichipukizi 20 na zaidi.

Hesabu ya vichipukizi ifanyike mapema. Kwa nafasi ya sentimita 15, mstari wa mita 100 una sehemu karibu 670 za kupanda. Kila sehemu hupewa vichipukizi viwili au vitatu, kwa hiyo mkitaka uhakika andaeni 2,000. Kamati nyingi husikia idadi hiyo na kuamua kupanua nafasi ziwe sentimita 40 ili vitoshe. Msifanye hivyo. Ni afadhali mita 30 zilizosongamana kuliko mita 100 zenye mapengo, maana pengo moja hukusanya maji ya mstari mzima na kuwa mdomo wa korongo jipya.

Kupima usawa. Mstari ni lazima ufuate kontua, yaani kimo kilekile cha ardhi, hata ukipinda kama nyoka. Macho hudanganya, hasa macho ya mwenyekiti anayependa mistari iliyonyooka. Tumieni fremu A: miti miwili ya mita mbili iliyofungwa pamoja juu na kutanuliwa chini, mti wa tatu ukikatisha katikati, na kamba yenye jiwe ikining'inia kutoka kileleni. Simamisha miguu juu ya vigingi viwili, weka alama pale kamba inapogusa mti wa katikati. Geuza fremu, mguu wa kushoto uende kulia, weka alama ya pili. Nusu ya njia kati ya alama hizo ndiyo alama ya usawa. Kisha tembea na fremu mteremkoni, kila hatua tafuta mahali ambapo kamba inagusa alama ya usawa, piga kigingi. Vijana wa darasa la sita waliielewa kwa nusu saa.

Umbali kati ya mstari na mstari hutegemea mteremko. Kwa kawaida kimo kati yake kiwe mita moja hadi mbili. Njia ya shambani ni hii: simama kwenye mstari wa chini, tazama mbele sawasawa kuelekea mlimani bila kuinua wala kuinamisha macho. Pale macho yanapogota kwenye ardhi, huko ndiko mstari wa pili uanzie.

Kupanda kwenyewe kufanyike mvua za masika zikishashika, kwa hapa katikati ya Machi, wakati ardhi imelowa kina cha kiganja. Ng'oa shina, ligawanye kwa mkono au panga, kata majani yabaki sentimita 20 na mizizi sentimita 10. Chovya mizizi kwenye uji wa udongo na samadi, funika kwa gunia bichi, na usikawize zaidi ya siku chache. Chimba mfereji wa sentimita 15, simamisha vichipukizi, rudishia udongo, kanyaga kwa kisigino. Ukivuta jani taratibu na kichipukizi kikang'oka, hukukanyaga vya kutosha.

Kwa jengo lenye bati, mstari usikae chini ya mchirizi wenyewe, utapigwa na maji. Mchirizi uwekewe mawe au mfereji, au bora zaidi gata na tangi kama uwezo upo, na vetiva ipandwe hatua nne au tano chini yake, kisha mstari wa pili mpakani. Na kule mpakani mstari upite hadi nje kidogo ya ncha za korongo, pande zote mbili, la sivyo maji yatazunguka ncha na kuanza upya.

Matunzo ya miaka miwili ya mwanzo

Hapa ndipo miradi yetu hufa, kwa kuwa kupanda kuna ngoma na picha, kutunza hakuna.

Miezi mitatu ya kwanza mvua ikikatika wiki mbili, mwagilieni. Paliliieni, kwa kuwa vetiva changa ikifunikwa na magugu hukosa jua. Zungusheni miiba dhidi ya mbuzi kwa mwaka mzima wa kwanza, na nendeni mkaongee na wafugaji wanaopitisha ng'ombe kabla ya kupanda, siyo baada ya ng'ombe kuingia. Majani yakishakomaa huwa makali na mifugo huyapita tu.

Mwezi wa tatu au wa nne, kateni kwa mundu mpaka sentimita 40 au 50 kutoka ardhini. Watu huogopa kukata wakidhani wanaua, lakini kukata ndiko kunakofanya shina litoe machipukizi ya pembeni na ukuta uzibe. Baada ya hapo kateni mara mbili au tatu kwa mwaka. Ule mkato wa Juni, mwisho wa mvua, usikose: majani marefu makavu ya Agosti na Septemba ni kuni zinazosubiri moto, na nyika ya Mikese huungua karibu kila mwaka. Mstari ukiungua msiung'oe. Kitovu cha shina kiko chini ya udongo, nao utachipua mvua ikirudi.

Majani mliyokata tandazeni kwenye mahindi au mbaazi. Yanafaa pia kuezekea, kusukia, na kutandika zizi. Watafiti wa Afrika Kusini waligundua faida ambayo hatukuitegemea: nondo wa funza wa mabua aina ya Chilo partellus hupendelea kutaga mayai kwenye vetiva kuliko kwenye mahindi, na funza wanaoanguliwa humo wengi hufa. Sisemi muache dawa zenu. Nasema mstari wa mpakani unaweza kuwa na kazi mbili.

Mstari mzuri huziba kabisa baada ya misimu miwili hadi mitatu. Kabla ya hapo, kila mwanzo wa masika mtu mmoja atembee mstari wote akiwa na fimbo ya sentimita 15. Palipo na pengo kubwa kuliko fimbo, ajaze kwa vichipukizi vya kitalu.

Na asitokee mjanja wa kung'oa. Mafuta ya manukato ya mizizi ya vetiva yana soko duniani, na Haiti ndiyo muuzaji mkubwa. Huko, ambako mizizi huchimbwa kwenye miteremko, jani hilohilo limekuwa chanzo cha mmomonyoko, kwa sababu ili upate mzizi ni lazima upindue ardhi. Anayetaka biashara hiyo atafute tambarare.

Ardhi ni ya nani

Kamati zinaruka swali hili, halafu linarudi kama kesi. Kwa Waluguru ardhi ya ukoo hufuata upande wa mama. Mwanamume anaweza kulima miaka ishirini kwenye shamba la ukoo wa mke wake, na mkulima mwingine kwenye shamba aliloazimwa. Mazao ya msimu hayamshtui mtu. Kitu cha kudumu, mti au hata jani lisilokufa, husomwa kama dai la kumiliki. Mkulima mmoja kijana alikataa vetiva zetu za bure, tukamwita mvivu. Baadaye tuliambiwa wajomba wa mkewe walikuwa wamemuuliza: "Unapanda mpaka wa nani?"

Siku hizi, kabla ya fremu A kuingia shambani, tunakwenda kwa wakubwa wa ukoo pamoja na mwenyekiti wa kitongoji, tunaeleza kwamba mstari huu ni wa maji wala si wa mpaka, na maelewano yanaandikwa kwenye daftari na kusainiwa. Inachukua wiki mbili zaidi. Yule kijana sasa ana mistari mitatu.

Neno kwa wanaotoa na wanaoripoti

Ndugu wafadhili, mkituuliza ni mashina mangapi yamepandwa, tutawapa idadi, na itakuwa kubwa. Tuulizeni badala yake ni mita ngapi za mstari zisizo na pengo zilizopo baada ya masika mbili, na udongo umejaa kina gani nyuma yake. Kina hicho hupimwa kwa kigingi chenye alama kinachopigwa siku ya kupanda. Mtoto anaweza kukisoma. Mradi wa mwaka mmoja hauwezi kujibu swali hilo. Kwa hiyo tengeni sehemu ya fedha kwa mwaka wa pili na wa tatu, hata iwe ndogo: ya mundu, ya madebe ya kumwagilia, ya posho ya mlinzi wa kitalu. Na kama gari la mgeni linakuja Mei, basi lije, aonyeshwe kitalu na kisima, anywe chai, arudi Machi tupande pamoja.

Kamati zitakazotaka kuanza vuli ijayo zitoe taarifa kwa afisa ugani wa kata sasa, ili apime mahali na kuthibitisha kwamba mashina ni ya aina isiyotoa mbegu. Mkiona miche imejiotea yenyewe mbali na mstari, msiizidishe, na mwiteni. Vichipukizi vya kitalu cha kwa mzee vitagawiwa bure mwezi wa tatu, kila kigango mafungu yasiyozidi matano, kwa masharti mawili tuliyokubaliana naye: anayechukua aje na gunia lake bichi, na masika inayofuata arudishe mafungu mawili kwa ajili ya jirani aliye chini yake.